FAHAMU: TUZO YA NISHATI YA DUNIA, MZEE WA HAIDROJENI NA GESI YETU YA MTWARA



Kila ikifika Oktoba dunia nzima inaongelea Nobel. Nani kapata ya fizikia, nani kapata ya amani. Lakini kuna tuzo nyingine ya kimataifa ambayo hapa kwetu haisemwi kabisa, wakati inahusu kitu ambacho watu wa kusini tumekikalia, yaani nishati. Leo tuichambue hiyo tuzo, tumjue mmoja wa washindi wake anayeitwa mzee wa haidrojeni, halafu turudi nyumbani Msimbati tuone inatuhusu vipi. Ni ndefu kidogo, kwahiyo kama upo kafe na dakika zinayoyoma, isevu uje uimalizie baadae.

TUZO YENYEWE NI IPI?

Inaitwa Global Energy Prize, tuseme Tuzo ya Nishati ya Dunia. Ilianzishwa Urusi mwaka 2002. Aliyekuja na wazo ni Zhores Alferov, mwanafizikia wa Kirusi ambaye mwenyewe alipata Nobel ya fizikia mwaka 2000. Washindi wa kwanza walikabidhiwa mwaka 2003 mjini St. Petersburg na Rais Vladimir Putin. Fedha zake ni mamilioni ya rubo, na kati ya wafadhili wake kuna makampuni makubwa ya nishati ya huko, Gazprom ikiwemo. Hilo ni vizuri msomaji ulijue mapema, maana kila tuzo ina mwenyewe.

Tuzo hii haiombwi. Huwezi kujaza fomu ukasema "mimi hapa nastahili". Unapendekezwa na wanasayansi wengine, halafu jopo la kimataifa linachambua. Na wanapewa watu, sio makampuni wala nchi.

Hawa ni baadhi ya waliowahi kuipata:

- 2003: Nick Holonyak wa Marekani, mmoja wa mababa wa taa za LED. Hiyo taa ya sola anayowasha muuza samaki Feri usiku ina mkono wake.
- 2005: Klaus Riedle wa Ujerumani, kwa kazi ya mitambo mikubwa ya gesi ya kufua umeme. Tutarudi kwake.
- 2007: Thorsteinn Ingi Sigfusson wa Iceland kwa haidrojeni, pamoja na Geoffrey Hewitt wa Uingereza na Vladimir Nakoryakov wa Urusi kwa utafiti wa namna joto linavyosafiri.
- 2017: Michael Grätzel wa Uswisi, na 2018 Martin Green wa Australia, wote kwa umeme wa jua.
- 2019: Khalil Amine, kwa betri za lithiamu. Huyu anafanya kazi Marekani lakini kazaliwa Morocco. Kwahiyo mtoto wa Afrika kwenye orodha yupo.

Ukiwaangalia hao wote utaona jambo moja. Hakuna aliyepewa tuzo kwa sababu nchi yake ina mafuta, gesi au jua kali. Wamepewa kwa kujua KUGEUZA. Jua kuwa umeme, gesi kuwa umeme, umeme kuwa akiba ndani ya betri. Nishati haizaliwi wala haifi, inabadilika sura tu, na mwenye ujuzi wa kuibadilisha ndiye anayekula. Shikeni hilo, ndio kiini cha habari yote hii.

MZEE WA HAIDROJENI ALIKUWA NANI?

Thorsteinn Ingi Sigfusson alizaliwa mwaka 1954 katika visiwa vya Vestmannaeyjar, kusini mwa Iceland. Ni visiwa vya wavuvi, kama vile wewe uzaliwe Msimbati au Mikindani, ila kule ni baridi ya kugandisha. Januari 1973 mlima wa volkano ulipasuka usiku pembeni kabisa ya mji wao. Watu kama 5,000 walihamishwa usiku huo huo, wengi wao kwa boti za uvuvi ambazo bahati nzuri zilikuwa zimelala bandarini. Mamia ya nyumba yalifunikwa.

Sasa sikilizeni walichofanya waliporudi. Ile lava iliyowaharibia mji ilikuwa bado ina moto ndani. Wakapitisha mabomba ya maji, wakavuna lile joto na kupashia nyumba zao kwa miaka kadhaa. Kitu kilichowafukuza kikaja kuwatumikia.

Sigfusson alisoma fizikia, akapata udaktari Cambridge, akarudi kwao kuwa profesa Chuo Kikuu cha Iceland. Yeye na wenzake, akiwemo Bragi Arnason ambaye wengi humuita baba wa wazo lenyewe, walikuwa na hoja moja. Iceland ina maporomoko ya maji na mvuke wa ardhini, umeme wake karibu wote unatoka humo, lakini magari na meli za uvuvi zinakunywa mafuta ya kununua nje. Kwanini umeme huo usitumike kuyapasua maji, ikapatikana haidrojeni, na hiyo haidrojeni ikaendesha magari na meli?

Mwaka 1999 ikaundwa kampuni ya kusukuma jambo hilo. Mwaka 2003 kituo cha kujaza haidrojeni kikafunguliwa Reykjavik na mabasi matatu ya abiria yakaanza kutembea yakitoa mvuke wa maji badala ya moshi. Mwaka 2007 mzee akapewa Tuzo ya Nishati ya Dunia. Alifariki mwaka 2019.

Iceland ilikuwa na watu kama laki tatu tu wakati huo. Mkoa wa Mtwara peke yake kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 1.6. Kwahiyo tusijifiche kwenye kisingizio cha "sisi ni wadogo".

HAIDROJENI NI KITU GANI HASA?

Ni gesi nyepesi kuliko zote. Haina rangi wala harufu. Ukiichoma inatoa joto na maji, hakuna moshi. Unaweza pia kuipitisha kwenye kifaa maalumu ikaungana na oksijeni polepole bila kuwaka, ukapata umeme na maji.

Tatizo ni kwamba haipatikani kirahisi ikiwa peke yake. Mara nyingi imeshikamana na kitu kingine. Ndani ya maji imeshikana na oksijeni. Ndani ya gesi asilia imeshikana na kaboni. Kuibandua lazima utumie nguvu. Kwahiyo haidrojeni ni kama ndoo ya kubebea maji, yenyewe sio kisima. Ukisikia mtu anasema haidrojeni ni chanzo cha nishati, muulize nishati ya kuipata imetoka wapi.

Tufanye hesabu kidogo, zile wanazopenda jamaa wa PCM:

1. Kupata kilo 1 ya haidrojeni kwa kuyapasua maji kwa umeme unahitaji kilo 9 za maji na umeme wa kama uniti 50 hadi 55.
2. Hiyo kilo moja ina nishati ya uniti kama 33.
3. Ukiirudisha kuwa umeme, kifaa kizuri kinakupa karibu nusu yake, yaani uniti 16 hivi.

Umeingiza uniti 50 na ushee, umetoa 16. Zaidi ya theluthi mbili zimepotea njiani kama joto. Ndio maana wataalamu wanabishana mpaka leo. Pale unapoweza kutumia umeme moja kwa moja au kuuweka kwenye betri, fanya hivyo. Haidrojeni inafaa pale ambapo betri haiwezi, kama viwandani, kwenye meli kubwa, na zaidi ya yote kwenye mbolea.

Na tuseme ukweli, hata Iceland kwenyewe ndoto haikwenda kama ilivyopangwa. Majaribio ya yale mabasi yalimalizika mwaka 2007, mwaka ule ule wa tuzo, na magari yasiyotumia mafuta yaliyojaa kule leo ni ya betri. Tuzo inakwambia utafiti ni mzuri, haikuhakikishii kwamba biashara itafuata.

GESI YA MNAZI BAY INAINGIAJE HAPA?

Inaingia moja kwa moja. Gesi ya Mnazi Bay sehemu kubwa ni methani, na kila chembe ya methani ni kaboni moja imeshikwa na haidrojeni nne. Duniani huzalishwa karibu tani milioni 100 za haidrojeni kwa mwaka, na sehemu kubwa kabisa inatoka kwenye gesi kama hii yetu na kwenye makaa ya mawe, sio kwenye maji. Ile wanayoiita safi haifiki hata asilimia 1. Njia yenyewe ni kuichanganya gesi na mvuke mkali sana, haidrojeni inatoka upande mmoja na hewa ya ukaa upande mwingine. Kwa kilo 1 ya haidrojeni unatoa kilo 9 au 10 za hewa ya ukaa. Usafi hapo hakuna, labda uikamate hiyo hewa na kuizika.

Historia yetu kwa kifupi, kwa wale wadogo ambao hamkuwepo:

- 1982: kampuni ya Kiitaliano AGIP inagundua gesi Mnazi Bay, inaiacha kwa sababu soko hakuna. Miaka 20 na zaidi inalala chini.
- Mwishoni mwa 2006 kuingia 2007: gesi inaanza kufua umeme Mtwara mjini kwa injini za gesi, ikiletwa na bomba kutoka Msimbati.
- Desemba 2012 hadi Mei 2013: maandamano na vurugu kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam. Watu walikufa, nyumba na mali zilichomwa. Hayo hatuyasahau na hatutaki yarudi.
- 2015: bomba kubwa linazinduliwa, kutoka Madimba mpaka Dar, likijengwa kwa mkopo wa China wa zaidi ya dola bilioni 1.2. Mwaka huo huo kiwanda cha saruji cha Dangote kinazinduliwa Mtwara, na baadae nacho kikaanza kutumia gesi.

Hapo ndipo mzee Riedle wa mwaka 2005 anarudi. Mtambo wa kawaida wa gesi unageuza kama asilimia 35 hadi 40 ya nishati kuwa umeme, nyingine inapaa kama joto. Kazi ya kina Riedle ilisaidia mitambo ambayo lile joto la kutupwa linachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo wa pili, na mavuno yanakaribia asilimia 60. Kinyerezi II pale Dar, megawati 240, ni mtambo wa aina hiyo. Maana yake gesi iliyotoka kwetu inageuzwa vizuri zaidi, lakini inageuziwa kule.

Nikiwakumbuka wale wazee na vijana wa 2013, naona waliuliza swali la maana sana hata kama mengine yaliyofanyika yalikuwa mabaya. Swali halikuwa "gesi ni ya nani" peke yake. Lilikuwa pia "INAGEUZIWA WAPI?" Maana ajira, ujuzi na viwanda vinakaa pale kitu kinapogeuzwa, sio pale kinapochimbwa. Waulizeni wakulima wa korosho waliozoea kuuza ghafi ibanguliwe ng'ambo.

MBOLEA: HAPA NDIPO HAIDROJENI INAPOTUGUSA

Achana na magari. Karibu theluthi moja ya haidrojeni ya dunia inaishia kutengeneza amonia, na amonia ndio mama wa mbolea kama urea. Unachukua naitrojeni ya hewani, unaibana na haidrojeni kwenye joto na mgandamizo mkubwa mbele ya chuma. Fritz Haber wa Ujerumani alipewa Nobel ya 1918 kwa hilo, mwenzake Carl Bosch akapewa 1931 kwa kulifanya liwezekane kiwandani, na mwaka 2007 (ule ule wa Sigfusson) Gerhard Ertl akapewa Nobel ya kemia, mojawapo ya kazi zake ikiwa ni kueleza uso wa kile chuma unafanya nini hasa. Tuzo tatu za Nobel kwenye mfuko mmoja wa mbolea!

Sasa angalieni hili. Mwaka 1954 Iceland ilifungua kiwanda cha mbolea Gufunes, pembeni ya Reykjavik. Umeme wa maporomoko ukayapasua maji, haidrojeni ikawa amonia, amonia ikawa mbolea ya wakulima wao. Hiyo ilikuwa karibu miaka 50 kabla ya mabasi. Kina Sigfusson hawakuanza na ndoto hewani, kulikuwa na mafundi ambao baba zao walishaizoea haidrojeni.

Sisi Tanzania tulikuwa na kiwanda cha mbolea Tanga kuanzia 1972, kikitegemea malighafi za kuagiza, kikafungwa 1991. Baadae gesi ilipoanza kusikika, ikatajwa mipango ya viwanda vya mbolea ya gesi Mtwara na Kilwa. Mkulima wa mahindi wa Songea au Newala anachokijua ni bei ya mfuko dukani, na mwaka 2022 bei ilivyopaa baada ya vita ya Ukraine kila mtu aliona. Bei ya urea duniani inafuata bei ya gesi. Sisi tunayo gesi, na bado tulilia na wasiokuwa nayo.

TUSISAHAU KARANGA

Mwaka ule ule wa 1954 kuna kitu kilikamilika Mtwara pia. Ni gati ya bandari yetu. Waingereza waliijenga kwa ajili ya mpango wa karanga, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Pesa nyingi zikamwagwa, wakaja na matrekta, karanga zenyewe zikagoma kwa sababu hawakuijua ardhi wala mvua zake. Reli ikang'olewa miaka ya 60. Gati ikabaki, na ni nzuri kweli kweli, kina kirefu. Siku hizi inapakia korosho, na makaa ya mawe ya Ruvuma yanayokwenda kuchomwa nchi za watu.

Naleta karanga kwa sababu haidrojeni nayo ni neno la mikutano mikubwa siku hizi. Kenya ilizindua mkakati wake Septemba 2023. Akija mtu Mtwara na picha nzuri za kompyuta, tusishangilie kabla, na tusimfukuze kabla. Tumuulize maswali matatu tu:

1. Nishati ya kubandua haidrojeni inatoka wapi, gesi, jua au upepo, na hewa ya ukaa inakwenda wapi?
2. Inageuzwa kuwa nini, na inageuziwa hapa au inapakiwa melini?
3. Nani wanaoendesha mitambo, na watoto wa hapa wanajifunza lini?

Akijibu yote kwa maandishi, karibu kiti. Akikwepa moja, kumbuka Nachingwea.

MFANO WA JIRANI

Sio lazima uanze na bomba la kilomita mia nne na kitu. Karibu na Naivasha, Kenya, kwenye shamba la Morendat la kampuni ya Kenya Nut, mwaka 2023 ilifungwa mitambo midogo inayotumia umeme wa jua kuyapasua maji na kutengeneza amonia hapo hapo shambani, kiasi cha tani moja hivi kwa siku. Shamba la kampuni ya karanga za miti, jamani! Watu wa korosho mpo?

Na jirani huyo huyo ana umeme wa mvuke wa ardhini Olkaria tangu 1981. Wataalamu wake wengi wamepitia Iceland, kwenye mafunzo yaliyoanza 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Watanzania nao wamepita huko. Kwahiyo njia ya kutoka Afrika Mashariki kwenda kwa kina Sigfusson ipo siku nyingi na ina alama za nyayo.

JE MTU WA KWETU ANAWEZA KUSHINDA?

Tuzo hii hasa, bado hatujaona Mtanzania. Lakini tuzo za kimataifa za uhandisi tumeshashika. Dk. Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela Arusha, mtoto wa kijijini Karatu, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, ikiwa ndio mara ya kwanza kutolewa. Alitengeneza chujio la maji. Alianza na tatizo la kijijini kwake, maji machafu, akalichukulia kemia aliyosoma.

Sisi tatizo letu linajulikana. Gesi ipo chini ya miguu, na mama ntilie pale bandarini bado anapuliza mkaa macho yanamtoka machozi. Mbolea inakuja na meli kwenye nchi yenye gesi. Hizo ni mada mbili za utafiti hapo, bure, hazihitaji kwenda Moscow kuzitafuta. Dogo aliyeko kidato cha tatu anayekimbia kemia eti ngumu, naomba umsomee hapa ile hesabu ya uniti 50 na uniti 16. Mwambie ziko uniti zaidi ya 30 zinapotea hapo katikati na dunia nzima inazitafuta. Atakayepunguza huo upotevu, hata kwa uniti tano, watu wa jopo watamtafuta wenyewe.

Wale wavuvi wa Vestmannaeyjar lava iliwafukuza, wakarudi wakaiwekea mabomba. Sisi gesi ilitugombanisha mwaka 2013. Kazi iliyobaki ni kuigeuza.

Haya wadau, mwenye nyongeza au masahihisho alete, uwanja ni wenu.